Funguo za Chumba cha Nyuma: Kadi Iliyofukizwa Udi

Nyinyi mlioshinda wiki nzima mkinitumia ujumbe wa matusi kwa sababu niliwaacha na skrini nyeusi, matusi yenu yamenifika. Mmoja wenu, mtu wa Kiwengwa, kaniita katili. Haya, tulizeni roho. Skrini ile bado ni nyeusi, na Kheir bado yuko mbele yake, mdomo wazi, kashika usukani wa gari ambalo halipo.

Usukani wa kuchezea gemu, nakusudia. Kwa wewe uliyeingia leo: tumo chumba cha nyuma cha duka la majora la Mzee Muhiddin, hapa Mlandege, Alhamisi baada ya alasiri, na Idd kubwa inabisha hodi. Shemsa, mtoto wa marehemu ndugu yake mzee, alikikuta chumba kimejaa mabaki ya vitambaa na panya, akakigeuza mahali ambapo nusu ya vijana wa mji huja kucheza gemu. Kheir, mtoto wa mzee wa kumzaa mwenyewe, amerudi kutoka Dubai na kompyuta moja, kadi moja mpya ya grafiki ndani yake, na maneno mengi. Anakitaka chumba.

Mzee Muhiddin, ambaye kompyuta kwake ni televisheni yenye kiburi, alikata shauri moja. Kadi ya grafiki ndiyo inayochora picha za gemu, si ndiyo? Basi kadi mbili zishindane katika gemu moja la mbio za magari. Itakayoshinda, mwenyewe apewe funguo za chumba. Atakayeshindwa akatafute pa kwenda.

Shemsa anapajua pake pa kwenda. Ni mapokezi ya hoteli moja kule Kiwengwa, ambako shemeji yake keshamwekea sare yenye ua la plastiki begani. Kazi yake itakuwa kuwatabasamia wageni mpaka meno yakauke.

Sasa turudi kwenye ile skrini.

"Umeifanya nini?" Kheir alifoka, akamgeukia Shemsa.

"Mimi? Mimi nipo huku upande wangu. Mikono yangu hii hapa, mbele ya watu."

"Umeitia kitu! Kadi ya mwaka huu haizimiki vivi hivi. Hii nimeifungua kwenye boksi wote mnaona. Hiyo yako ya mtumba!"

"Ya mtumba, na inawaka."

Vijana waliojazana mlangoni walicheka mpaka wakaanza kupigana vikumbo. Mudrik akanyanyua mkono kuwanyamazisha. Huyu Mudrik anauza makava ya simu duka la jirani, na alichaguliwa kuwa hakimu kwa sababu hakuna mtu Mlandege aliyewahi kumsikia akimsifu mtu yeyote.

"Mimi nasema nnachokiona," alisema. "Kadi ya Shemsa imekimbia mzunguko mzima, picha tisini kwa sekunde, mwanzo mpaka mwisho. Kadi ya Kheir imeanza na mia na kitu, ikashuka sitini, ikashuka ishirini, ikafa. Inna lillahi."

"Usiisomee!"

"Nshaisomea."

Mzee Muhiddin alitia mkono kwenye mfuko wa kanzu. Zilitoka funguo mbili zilizofungwa kwa utepe wa kitambaa cha jora, nyeusi kwa uzee. Akazipima kiganjani kama mtu anayepima dhahabu, akamwita Shemsa.

"Njoo, mwanangu."

Mimi ningekimbia. Wewe pia ungekimbia, usijitie utakatifu. Lakini Shemsa alisimama pale pale, pua juu, kwa sababu kompyuta ya Kheir ilikuwa inanukia kama bibi harusi.

Akaisogelea. Akaweka kiganja juu yake, akakitoa mbio. Ilikuwa moto, na juu yake kulikuwa na kitambaa.

Kitambaa cheupe cha kufuma kwa sindano, chenye mawaridi, kimeangushwa mpaka chini pande zote nne, kama kile kilichofunika televisheni yenu. Watu wote chumbani walikuwa wanakitazama tangu mchana na hakuna hata mmoja aliyekiona. Nani atakishangaa? Nyumba gani ya Unguja ambayo friji halijavishwa?

Shemsa alikifunua pembeni kidogo. Chini ya meza, sawasawa na tundu ambalo kompyuta huvutia hewa, kulikuwa na chetezo. Makaa mekundu, udi, ubani, na moshi unapanda kwa raha zake moja kwa moja mpaka ndani ya feni.

Kwenye kiti cha plastiki kando yake alikaa Bi Amne, mama yake Kheir, anajipepea kwa ncha ya kanga, ameridhika.

Basi Shemsa akaelewa kila kitu. Kadi ya Kheir haikuwa mbovu. Ilikuwa imefunikwa gubigubi juu na kuchomwa moto chini, na kadi ikizidiwa na joto hujipunguzia kazi yenyewe, na ikizidiwa zaidi hujizima. Akiliachia pindo lile lianguke, funguo ni zake. Hakuna mwingine chumbani atakayejua, na Bi Amne mwenyewe ndiye wa mwisho kujua.

Alinyamaza. Siwafichi. Alinyamaza kiasi cha mimi kuanza kumchukia kidogo. Alikuwa anakitaka chumba kile kuliko alivyowahi kutaka mume, na alikuwa anaiona sare ya Kiwengwa na ua lake la plastiki.

Lakini Shemsa ana ugonjwa mmoja. Hawezi kuiona feni imezibwa akalala usingizi.

"Ami, ngojea," alisema. "Kadi ya Kheir haina ubaya. Inakosa pumzi."

Mudrik akashika kichwa. "Shemsa, nyamaza! Umeshinda, mwana we!"

"Nshasema."

Bi Amne aliacha kujipepea. "Nani kaikosesha pumzi kadi ya mwanangu?"

Shemsa akakivuta kitambaa chote, taratibu, kwa adabu. Chetezo kikaonekana. Kijana mmoja mlangoni akapasuka kicheko, akatolewa nje na wenzake.

"Mama," alisema Kheir.

"Naam."

"Mama, umeifukiza kompyuta?"

"Sasa nisiifukize? Watu wote hawa wamekuja kuitumbulia macho ya husuda, nami nikae tu? Wewe mwenyewe nilikufukiza mdogo na hukuharibika kitu."

"Na kitambaa?"

"Nimekifuma kwa mkono wangu tangu uko Dubai! Kitu kimetoka ng'ambo kikae uchi mbele ya watu wa Mlandege? Watasema huna wazee?"

"Bi Amne," Shemsa alisema, "hii inavuta hewa chini na kuitoa juu. Juu umeifunga. Chini umeitilia moto."

"Moto gani? Huo udi! Na si udi wa kuokoteza, huo!"

Kheir alitamani ardhi ipasuke immeze yeye na kompyuta yake. Shemsa alichukua bisibisi, akafungua ubavu wa kompyuta, akasafisha feni kwa brashi. Ubani ulikuwa umeganda kwenye mapanga yake, unanata kama jemu. Bi Amne alikikunja kitambaa chake kwa hasira, akakitia kwapani, akavuta chetezo mpaka miguuni pake. Udi ulikuwa haujaisha, na yeye si mtu wa kutupa udi.

Kompyuta ikapoa. Mbio zikarudiwa.

Wasomaji wangu, kadi ya Kheir ilifufuka! Namba zilizo pembeni mwa skrini zilipanda mia, mia na ishirini, zikatua mia na arubaini na kubaki hapo hapo. Mvua ya kwenye gemu iling'aa juu ya lami mpaka watu wakavuta miguu wasirowe. Kheir alikuwa anacheka, anapiga kelele, anagonga kuta za barabara huku na huku, na hajali.

"Mia na arubaini!" alimaliza, akaruka juu. "Yake tisini tu! Mudrik, sema unachokiona!"

Mudrik alikuwa na uso wa mtu aliyemeza pilipili. "Naona mia na arubaini."

"Baba, funguo."

Na hapo ndipo Shemsa alipojuta. Msije mkamfanya walii, alijuta mpaka machozi yakamlenga. Angenyamaza tu, mdomo huu! Mzee Muhiddin alimtazama kwa huruma, na huruma yake ndiyo ilimuuma zaidi. Akamgeukia Kheir, akaunyoosha mkono wenye funguo.

"Ami, ngojea tena," Shemsa alisema.

"Khaa! Wewe leo ngojea zako haziishi?"

"Kheir, mbona umegonga kuta?"

"Nini?"

"Wiki ile ulicheza kwenye kompyuta yangu ukawashinda vijana wote hawa, hukugusa ukuta hata mmoja. Leo umegonga kila kona. Umewasha picha za kubuni?"

Kheir akakohoa. Nimewajua watu wengi wanaokohoa namna ile, na wote walikuwa wana jambo.

"Ndo uzuri wa kadi yenyewe," alisema. "Imeundwa hivyo."

"Picha za kubuni ndo nini?" Mzee aliuliza.

Shemsa alimweleza. Kadi hizi mpya zina ujanja. Kadi inachora picha moja ya kweli, inachora na ya pili ya kweli, kisha inakisia picha iliyo baina ya hizo mbili na kuichomeka katikati. Jicho linaona mbio zinateleza. Namba inapanda karibu mara mbili. Lakini ile ya katikati haijui mkono wako umefanya nini, ni makisio tu, na kadi inabidi ingoje kidogo ndipo ikisie, kwa hivyo gari huchelewa kuusikia usukani.

"Yaani katika mia na arubaini," alisema Mudrik, uso unaanza kumfunguka, "nusu hazikuchorwa? Zimedhaniwa?"

"Jicho halijui!" Kheir alisema.

"Unanipa pilau nusu yake nyama na nusu yake picha ya nyama, kisha unanambia jicho halijui?"

"Hazipo, lakini zaonekana?" Mzee Muhiddin alisogea nyuma kidogo. "Mbona hilo jini?"

"Zizime, Kheir," alisema Shemsa. "Tushindane kwa kilichochorwa. Yako mpya lakini ndogo. Yangu kongwe lakini kubwa. Ukizizima utarudi sabini na kitu, mimi nipo tisini."

"Nizime kwa nini? Mtu ana miguu miwili, unamwambia akimbie kwa mmoja? Kadi yako haiwezi kubuni, hiyo shida yake!"

Vijana wakagawanyika. Nusu wakasema kilichoonekana ndicho kilichoonekana. Nusu wakasema picha ya kubuni ni uongo, na uongo hata ukienda mbio bado uongo. Kwa heshima ya gazeti hili sitaandika walichoambizana baada ya hapo. Mudrik aliulizwa hukumu, akasema yeye anasema anachokiona, na tatizo sasa ni kwamba hajui anaona nini.

"Mimi macho yangu sabini na mia yote mamoja," alisema Mzee Muhiddin, amechoka. "Nani ataamua?"

"Nipeni usukani huo."

Alikuwa Bi Amne.

Usicheke, ewe usiyemjua Bi Amne. Ana kigari chake cheupe, na kila Jumapili anakiendesha mwenyewe mpaka Mangapwani kwa jamaa zake na kurudi. Madereva wa malori ya mchanga wakikiona kwenye kioo wanakaa pembeni wenyewe, bila ya kuombwa.

"Gari ni gari," alisema, akijifunga kanga kiunoni. "Gari zuri ni lile linalonisikia. Ntaendesha hili, ntaendesha lile, ntasema."

"Amne akisema, mimi nshasema," alisema Mzee.

Kheir akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu alipoulizwa habari za kuta. Shemsa akajiinamia. Mama mzazi wa mpinzani wake ndiye hakimu! Akaanza kutafuta kwa macho viatu vyake mlangoni, maana hakutaka kulia mbele ya watu.

Bi Amne alianza na gari la Kheir. Alisoma bismillahi, akakanyaga mafuta. Kona ya kwanza akaingia ukutani. Kona ya pili akaingia kwenye genge la matunda. Ya tatu akamgonga polisi wa kwenye gemu, akamwomba radhi kwa sauti, akaendelea.

"Hili nnaliambia kata," alisema, akifuta jasho, "lakata kona ikishapita."

Usukani ukahamishwa kwenye kompyuta ya Shemsa. Mvua haikung'aa sana. Lakini Bi Amne alikata kona ya kwanza, akakata ya pili, akalipita gari la kwanza na kulitukana, akalipita la pili. "Ondoka weye! Barabara ya babako?" Vijana walikuwa wamepanda juu ya viti. Alimaliza mzunguko bila ya kugusa ukuta, akaiachia mikono hewani kama kawaida yake akifika Mangapwani.

Vijana wakashuka vitini mmoja mmoja, macho kwa Bi Amne.

"Mama, sema," Kheir alimhimiza.

Bi Amne alimgeukia mwanawe. Nawaambia, uso wa mwanamke yule ulikuwa na maumivu, na haukuwa mzaha tena.

"Mwanangu, wewe nakupenda kuliko roho yangu, na unajua. Gari lako lina picha nzuri. Lakini breki zake umeziacha Dubai."

"Mama!"

"Nisikilize. Huyu mtoto alikiona kitambaa changu. Angenyamaza tu, angeshika funguo na mimi nisingejua mpaka naingia kaburini. Kasema. Yeye kasema juu ya nafsi yake, mimi mtu mzima ntanyamaza? La Shemsa ndo gari."

Kheir akarudi upande wake. Alikaa chini, akaitazama kompyuta yake, na kwa mara ya kwanza katika hadithi hii nilimwonea huruma.

"Njoo, Shemsa," alisema Mzee Muhiddin.

Shemsa akaenda, analia na hajifichi. Akanyoosha mkono. Funguo zikagusa kiganja chake, baridi. Lakini Mzee Muhiddin ni mtu ambaye hatoi kitu bila ya hotuba. Alizishika ncha moja, yeye Shemsa ncha ya pili, akaanza tangu siku duka lilipofunguliwa, akapita kwa marehemu baba yake Shemsa, akaingia kwenye maana ya amana.

Watu wote waliinamisha vichwa. Ndiyo maana hakuna aliyemwona Bi Amne akinyanyuka.

Moyo wake ulikuwa umejaa. Alikuwa amempa msichana huyu chumba cha mwanawe, na sasa macho yote ya Mlandege yatahamia kwa Shemsa. Mtoto hana mama wa kumkinga. Basi Bi Amne alifanya kile ambacho mama hufanya. Alikikunjua kitambaa chake cha mawaridi, akaivisha kompyuta ya Shemsa, akakinyoosha vizuri pande zote nne. Kisha kwa ncha ya mguu akasukuma chetezo chini ya meza, akarudi kukaa.

Mzee alikuwa amefika kwenye dua. "Amin," waliitikia.

Shemsa aliinua pua. Kulikuwa na harufu, na safari hii haikuwa ya udi.

Akageuka. Pindo la kitambaa lilikuwa limeingia ndani ya chetezo. Ulimi mdogo wa moto ulikuwa unapanda waridi moja baada ya jingine, unaelekea juu ya kompyuta, juu ya kadi yake, ile kongwe, ile kubwa, ile iliyotoka kushinda sasa hivi.

"Moto!" alipiga kelele Kheir, akaruka kuelekea kwenye swichi ukutani.

Lakini aliyekuwa karibu zaidi ni Bi Amne, na aliyekuwa karibu na Bi Amne ni ndoo ya maji ya kupigia deki.

"Si maji!" Shemsa alilia. "Bi Amne, kuna umeme, si maji!"

Ndoo ilikuwa imeshapinduka. Chumba kizima kikazimika kwa mlio mmoja, na katika kiza kile Shemsa alizivuta funguo kwa nguvu zake zote, akagundua kwamba upande wa pili vidole vya Mzee Muhiddin vilikuwa havijaachia.